Intaneti ya nyumbani inakatakata: kumbe ni matatizo matatu ndani ya lalamiko moja

Lalamiko lilikuwa moja: "net inakatakata." Ukimuuliza yeyote mule ndani anakujibu hivyohivyo, na ndo maana tatizo lilikaa miezi bila kupona, maana kila mtu alikuwa anaongelea kitu chake ila wote wanatumia neno moja. Nimeamua kuliandika hili mwanzo mwisho kwasababu naona watu wengi sana wanabadilisha vifaa, wanahama kampuni, wanagombana na huduma kwa wateja, wakati bado hawajajua panapouma ni wapi.

Nyumba yenyewe ni ya kaka yangu. Wana faiba, kifurushi cha Mbps 40 (megabiti kwa sekunde) za kushusha na 10 za kupandisha. Waya unaingia sebuleni kwenye ruta ya mtoa huduma, hiyohiyo inapokea mwanga wa faiba na hiyohiyo inarusha waifai, imekaa nyuma ya kabati la TV. Chumba cha mwisho ukivuka korido kuna TV nyingine na ekstenda, kifaa cha kurefusha waifai, pembeni yake. Shemeji anafundisha kwa video usiku, kaka anafanya kazi zake kwenye laptopu mchana, watoto wana tableti, na nje kuna kamera moja ya usalama inayotuma video mtandaoni muda wote. Nyumba ya kawaida kabisa.

Walishajaribu mambo. Kuzima na kuwasha ruta kila jioni ikawa ratiba kabisa, DNS, yaani kitabu cha majina ya tovuti, wakabadilisha wakaweka 8.8.8.8 kwasababu kuna mtu aliwaambia, ekstenda wakanunua, na huduma kwa wateja wamepiga mpaka wamechoka. Huko wanaangalia kwenye mitambo yao wanasema laini iko sawa, hebu pima spidi, wanapima, inakuja 38, inakuja 39, safi kabisa, simu inaisha hapo. Usiku wake shemeji anaganda katikati ya somo wanafunzi wanamwandikia "mwalimu hatukusikii". Hili linaumiza kweli, kwasababu ukishaonyeshwa namba nzuri unaanza kuonekana unalalamika bure wakati shida ipo na wewe ndo unaishi nayo.

Nilipofika sikugusa kifaa chochote kwanza. Nikawaomba kila mmoja anieleze la kwake peke yake, inakuwaje, saa ngapi, na akiwa wapi. Shemeji akasema, "Yangu haipotei shem, ila sauti inakatika na watu wanaganda, na ni usiku tu, kuanzia saa mbili hivi." Kaka yeye anasema yake inapotea kabisa, dakika moja au mbili, alafu inarudi yenyewe, hata saa nne asubuhi. Watoto wao shida ni TV ya chumbani inazunguka tu, ya sebuleni haina neno. Sasa ukikaa ukasikiliza, hayo siyo maelezo ya kitu kimoja. La kwanza ni kuchelewa, la pili ni kukatika, la tatu ni kona moja tu ya nyumba. Hapo tayari kazi imepungua sana na hakuna hata waya uliochomolewa.

Kinachofuata ni kujua kipande gani cha njia kinaharibika, maana data kutoka kwenye laptopu yako inapita kwanza kipande cha ndani mpaka kwenye ruta, alafu kipande cha kutoka kwenye ruta mpaka kwa mtoa huduma, alafu dunia nzima huko mbele. Nikachukua laptopu ya kaka nikaichomeka kwenye ruta kwa kebo, nikafungua madirisha mawili ya komandi ya pingi, ambayo inatuma ujumbe mdogo na kupima jibu linarudi baada ya muda gani, la kwanza ping -t 192.168.1.1 ambayo ndo ruta yao, la pili ping -t 1.1.1.1 ambayo iko nje kabisa. Kwa kebo, siyo kwa waifai, kwasababu ukipima kwa waifai jibu likiwa baya hujui ubaya umetoka hewani au umetoka kwenye laini. Laptopu ya shemeji nikaiweka chumba cha mwisho kwenye waifai nayo inapiga pingi kwa ruta tu. Alafu tukaziacha zikimbie huku maisha yanaendelea. Pingi ni programu ya zamani, Mike Muuss aliiandika Desemba 1983, na mpaka leo kwa kazi hii mimi sioni mbadala wake, kwasababu inakuonyesha kila sekunde nini kimetokea, tofauti na kipima spidi ambacho kinakupa picha ya nusu dakika tu tena uliyoichagua mwenyewe.

Mchana dirisha la ruta lilikuwa linasoma chini ya milisekunde 1, la nje 12 mpaka 14. Hiyo ni laini nzuri. Ilipofika saa mbili na dakika kadhaa usiku, dirisha la ruta likabaki vilevile chini ya 1, ila la nje likaanza kupanda, 90, 240, 600, likafika mpaka 1,200. Na hapa angalieni vizuri jamani, hakuna pakiti, yaani kipande kidogo cha data, hata moja iliyopotea, zote zinarudi, ila zinarudi zimechelewa sekunde nzima. Kwa anayeongea kwa video hiyo ni kifo. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, kwenye pendekezo lao la G.114 wanasema sauti ikichelewa mpaka milisekunde 150 kwa upande mmoja watu wengi hawasumbuki, na isizidi 400. Sisi tulikuwa mbali mno na hapo.

Kuchelewa bila kupotea, tena kwa muda maalum, mara nyingi maana yake ni foleni. Kuna kitu kinajaza njia ya kupandisha. Watu wanasahau kabisa hiyo namba ndogo ya kifurushi, wanaangalia 40 wanasema net ninayo, wakati ile 10 ndo inayobeba sauti yako na sura yako kwenda kwa wenzio. Na ruta ina bafa, yaani sehemu ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri kutoka. Bafa ikiwa kubwa inaonekana ni kitu kizuri kwasababu hakuna kinachotupwa, lakini piga hesabu: megabaiti 1.5, yaani megabiti 12, zikijaa kwenye bafa, kwa njia ya Mbps 10 zinachukua sekunde 1.2 kumalizika. Pakiti yako ndogo ya sauti ikifika inakaa nyuma ya hayo yote. Ni sawa na dirisha moja la benki, aliyekutangulia kaja na gunia la sarafu na wewe umeshika noti moja.

Alafu kushusha nako kunaumia humohumo. Kila unaposhusha kitu, kompyuta yako inarudisha risiti ndogondogo kwa seva, kwamba nimepokea leta zingine, na hizo risiti zinapita njia ileile ya kupandisha, zikikwama kwenye foleni na seva nayo inapunguza kasi. Ndo maana mtu anakwambia "kila kitu kimekuwa kizito" wakati anayejaza ni mmoja tu na anapandisha tu.

Nani sasa anapandisha saa mbili usiku? Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, nikapanga kwa matumizi, juu kabisa zikakaa simu mbili, ya kaka na ya shemeji mwenyewe. Jioni wakirudi wanachomeka simu kwenye chaji, na simu zao zilikuwa zimesetiwa kupandisha picha na video kwenye akaunti zikiwa na chaji na waifai. Siku nzima wamepiga video, usiku zote zinaondoka kwa pamoja. Juu yake ongeza kamera ya nje. Nikamwambia shemeji asimamishe bakapu kwenye simu zote mbili huku tunaangalia dirisha la pingi, na kabla hajaweka simu ya pili mezani namba ikashuka kutoka mia nane na kitu mpaka 15. Akawasha tena, ikapanda. Akazima, ikashuka. Huo ndo ushahidi ninaoupenda, unawasha tatizo na kuzima mwenyewe kwa mkono, hakuna tena kubishana.

Dawa yake haikuwa kukataza bakapu, picha za watoto lazima zihifadhiwe. Ruta yao ilikuwa na sehemu ya kuweka ukomo kwa kila kifaa, tukaweka Mbps 2 za kupandisha kwa kila simu na 2 kwa kamera, jumla 6, zikabaki 4 za watu wanaoongea. Somo la video la kawaida halimalizi hizo. Kesho yake usiku pingi ya nje haikuvuka 40 huku bakapu zinaendelea taratibu. Kama ruta yako ina kitu kinaitwa SQM hiyo ni bora zaidi, unaiambia laini yako ni kiasi gani, unaweka kama asilimia 85 mpaka 90 ya spidi halisi ya kupandisha, na yenyewe inahakikisha foleni haikai ndani na kila kifaa kinapata zamu. Ndani yake mara nyingi kuna mbinu ya kusimamia foleni inayoitwa fq_codel, iliyotokana na kazi ya Kathleen Nichols na Van Jacobson ya 2012. Ruta nyingi za watoa huduma bado hazina, na mimi naona hilo ni jambo la kulidai kabisa, kwasababu tatizo hili linajulikana miaka mingi na wateja bado wanaambiwa waongeze kifurushi.

Shemeji akapona. Ila kaka bado. Kesho yake asubuhi, laptopu iko kwenye kebo, dirisha la nje likakata majibu yote mfululizo, la ruta likaendelea bila wasiwasi chini ya 1. Kwahiyo siyo waifai, siyo kebo ya ndani, na siyo foleni maana foleni inachelewesha, haikati hivi. Baada ya dakika moja na kitu majibu yakarudi.

Hapa kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakiangalii na kinaokoa muda sana. Kwenye ukurasa wa hali ya ruta kuna saa mbili tofauti, moja inasema kifaa kimewaka tangu lini, nyingine inasema muunganisho wa nje umesimama tangu lini. Kama zote mbili zimeanza upya, ruta yenyewe inajizima, shuku adapta ya umeme au soketi au joto. Kama kifaa kinaonyesha kimewaka siku nyingi ila muunganisho una dakika chache, ruta ni nzima, laini ndo imekatika. Yao ilikuwa hiyo ya pili. Nikafungua sehemu ya faiba, kuna mstari umeandikwa Rx Power, yaani nguvu ya mwanga unaopokelewa. Ukasoma -27.9 dBm, na dBm ni kipimo cha nguvu, ikizidi kushuka chini ya sifuri mwanga unazidi kuwa dhaifu.

Hiyo namba ni mbaya. Kwenye mfumo wa GPON, yaani faiba moja inayogawanywa kwa nyumba nyingi, wa daraja la B+, kipokeo cha nyumbani kinahakikishiwa kusoma mpaka -27 tu. Chini ya hapo kinabahatisha, kinaweza kwenda masaa bila shida alafu kikitikisika kidogo kinapoteza mwanga. Na dBm hazihesabiki kama shilingi, kila ukishuka 3 mwanga umepungua nusu, ukishuka 10 umebaki sehemu moja ya kumi. Bahati nzuri fundi aliyewafungia faiba siku ya kwanza aliandika kwa kalamu ya maka kwenye boksi la ukutani, -21. Kutoka -21 mpaka karibu -28 maana yake mwanga uliobaki ni kama sehemu moja ya tano ya ule waliopewa. Na huyo fundi popote alipo Mungu ambariki, kile kiandiko chake kilitusaidia kuliko kipimo kingine chochote.

Tukavuta kabati la TV. Waya mweupe wa faiba ulikuwa umebanwa kati ya kona ya kabati na ukuta, umekunjwa kona kali kabisa, na mkunjo wenyewe uko usawa wa mgongo wa droo ya kulia. Nikamwambia kaka afungue ile droo aisukume mpaka mwisho kama anavyofanyaga siku zote, mimi naangalia ukurasa. Alivyoisukuma kabati likarudi nyuma kidogo, taa ya PON, ya muunganisho wa faiba, ikaanza kupepesa, alafu ile ya LOS, ya kupotea kwa mwanga, ikawaka nyekundu. Kwenye hiyo droo ndo anaweka chaja na nyaraka zake za kazi. Kila anapoanza kazi anaifungua, anaifunga, na net inakufa baada ya muda mfupi, yeye anahisi ni bahati mbaya tu. Ikishapoteza mwanga ruta inabidi ijisajili upya kwa mtoa huduma alafu ipige tena muunganisho, ndo ile dakika moja mbili. Na taa nyekundu hakuna aliyewahi kuiona kwasababu ruta yote iko nyuma ya kabati.

Faiba haihitaji kuvunjika ili ilete shida. Ndani ni uzi wa kioo, mwanga unabaki ndani kwa kujigonga kwenye kingo, ukiukunja sana mwanga unavuja nje pale kwenye kona. Faiba ya kawaida ya G.652 haitaki kukunjwa chini ya nusu kipenyo cha milimita 30, zile za G.657 zinazowekwa majumbani zinavumilia mpaka 10 au 7.5 kutegemea aina. Na mwanga wenye mawimbi marefu ndo unavuja zaidi, kwahiyo unaokuja kwako, wa nanomita 1490, unaumia kabla ya ule unaoutuma wa 1310. Tulipounyoosha waya na kuuzungusha kwa duara pana, namba ikaja -23.6. Nzuri, ila siyo -21.

Kilichobaki hatukukigusa. Kichwa cha kijani cha faiba kina ncha iliyosagwa kwa pembe, vumbi dogo tu usiloliona linapunguza mwanga, na ukikifuta na shati unaongeza mafuta juu ya vumbi. Na usichungulie kamwe ncha ya faiba ikiwa imechomolewa, mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini ni leza. Tulipiga simu kwa mtoa huduma, safari hii kaka hakusema "net inakatakata", alisema mwanga ulikuwa -21 siku ya kufunga, ukafika -27.9, tumenyoosha mkunjo umekuja -23.6, na muunganisho unakatika wakati kifaa hakijazima, hizi hapa saa zake. Mazungumzo yakabadilika palepale, aliyepokea akampa mtu wa ufundi, fundi akaja akasafisha kichwa kwa kifaa chake na kubadilisha kipande cha mwisho cha waya pale palipokunjwa. Ikasoma -21.4.

TV ya chumbani sitaki kuikalia sana. Laptopu iliyokuwa kule ilikuwa inasoma pingi kwa ruta 4, alafu 300, alafu imepotea, alafu 9, muda wote, hata usiku wa manane hakuna anayetumia. Ekstenda ilikuwa imewekwa pembeni ya TV ili TV ipate signo nzuri, na kweli TV inaonyesha vijiti vimejaa, ila vijiti hivyo ni vya kati ya TV na ekstenda tu. Ekstenda yenyewe ilikuwa inaisikia ruta kwa -79 dBm, kupitia kuta mbili. Inapokea vibaya inarusha vizuri huo ubaya. Tukaihamishia kwenye korido, katikati ya njia, ikasoma -58. Alafu ruta ilikuwa inajichagulia chaneli 4 kwenye 2.4 GHz, ambayo inagombana na waifai za majirani zilizoko 1 na zilizoko 6 zote, tukaiweka 11 ambayo pale ilikuwa haina watu, upana 20 MHz. Bado ekstenda ya aina hiyo inagawa spidi nusu kwasababu inapokea na kurusha kwa redio ileile, ila kwa TV moja inatosha, haijazunguka tena. Wakija kupiga rangi korido watapitisha kebo mpaka kule na ekstenda itatoka.

Nikirudi kwenye zile dawa za mwanzo, kila moja ina sababu ya kushindwa. DNS kazi yake ni kubadilisha jina la tovuti kuwa anwani, video ya shemeji ikishaanza anwani inajulikana tayari, DNS haina cha kuisaidia. Kipima spidi walikuwa wanakipiga mchana simu ikiwa na huduma kwa wateja, bakapu hakuna na droo imefungwa, lazima kiseme 39. Na kuzima ruta kulikuwa kunasaidia kweli kwa dakika chache, maana foleni inafutika na simu zinasitisha bakapu mpaka zijipange upya, ndo maana waliiamini ile dawa muda mrefu hivyo. Shida kubwa ilikuwa matatizo yamelaliana: ukitibu moja mwingine bado analalamika, kila mtu anaona hakuna kilichofanyika, mnarudisha mlichobadilisha na kuanza upya.

Sasa hivi kabati limesogezwa, ruta iko juu yake taa zikiangalia sebule. Kaka ana ukurasa wa Rx Power kwenye simu, anaufungua mara mojamoja, na tumekubaliana ikishuka chini ya -25 wasisubiri ikatike, wapige simu siku hiyohiyo na namba zote mbili, ya mwanzo na ya siku hiyo.